Kanda Iliyokwama Ndani ya Televisheni

Juzi nilikuwa kwa fundi mmoja hapa Kismayo, nikisubiri redio yangu, alipoingia mama mmoja aliyetoka kisiwa cha Chovae. Alikuwa amekumbatia televisheni ya zamani, ile yenye deki ya kanda ndani yake.

Fundi aliifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa. "Mama, chumvi imeila yote. Usijisumbue kuitengeneza. Nunua mpya."

"Kuna kanda imekwama humo," alisema mama. "Ni ya harusi ya mwanangu. Alivuka kwenda Yemeni na mashua yao haikufika. Sina picha yake nyingine."

Fundi alichokonoa kwa bisibisi. Kanda ikatoka vipande vipande, imeota ukungu. Kisha kwa huruma akamwonyesha televisheni mpya iliyotundikwa ukutani. "Hii picha yake ni safi sana, mama."

"Kwenye hiyo nitamwona mchu gani?" aliuliza kwa upole, akitamka "mtu" kwa Kibajuni chake.

Mama alivikusanya vile vipande kiganjani, akatoka, televisheni akaiacha mezani.

Sisi wa mjini hubishana kama kibovu kitengenezwe au kibadilishwe. Siku ile hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililomfaa mama yule.