Punda Asiyelala

Juzi pale Mamboleo nilimwona punda mzee amesimama juani, magoti yamevimba, nikamkumbuka punda wetu wa utotoni kule Nyamasaria. Alikuwa amestaafu kubeba maji, na miguu yake ilinuka dawa ya kuchua. Alasiri moja daktari wa mifugo alimuuliza baba, "Mzee, bado anakula?"

"Anakula vizuri."

"Na kulala chini?"

Nikadakia kwa fahari, "Halali kabisa! Ana nguvu!"

Daktari akanitazama. "Anaogopa, mtoto wangu. Akilala, maumivu hayamruhusu kuinuka."

Baba alimpapasa punda shingo kwa muda mrefu, nzi wakivuma. "Basi, daktari," akasema kwa uchovu, "apumzike."

Akadungwa sindano. Magoti yakalegea, akajinyoosha kwenye nyasi, nami nikakimbia jikoni kumwambia mama kwa furaha kwamba hatimaye amelala.