Mto Unabeba Mbali

Juzi, dirishani pa ofisi ya maji hapa Isiolo, mama mmoja mfugaji, aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, alilalamika kwamba maji ya vyoo vya mji yanamwagwa mtoni bila kusafishwa, na watoto wake wanaugua tumbo.

"Usijali, mama," karani akasema, akipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Mto unabeba mbali."

"Mimi natoka huko mbali," mama akajibu polepole. "Kwetu hata ngamia haingii mtoni upande wa juu wa pale watu wanapochota maji."

Karani akaushusha mkono.

Hasira zangu ziko karibu, lakini mawazo yangu yaliufuata mto. Niliyaona maji yale yakitembea kama usingizi chini ya migunga, hadi kinamasini, na mvua ikizidi, hadi baharini. Nikatafuta hapo mbali pasipo na mtu anayeinama kuchota. Nikapakosa.