Glovu za Riziki na Viazi vya Mama Sifa

Nakumbuka Jumapili moja ya majani mekundu, Amani, na kabla sijaenda mbali nikutajie waliokuwepo. Nilikuwepo mimi, Koko wako. Alikuwepo mama yako Esperance, binti yangu wa mwisho, na wewe ukiwa umefungwa mgongoni mwake, umelala. Alikuwepo dada yako Riziki, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia darasa la tatu. Na alikuwepo mwenyeji wetu, Mama Sifa, ambaye si ndugu yetu wa damu, ila hema lake lilikuwa jirani na letu kambini Kigoma, na Riziki alipozaliwa ni yeye aliyempokea kwa mikono yake. Baba yako alikuwa kiwandani, huyo usimhesabu.

Nakuandikia kwa sababu juzi nilikuuliza, lile duka la rafiki wa baba yako utakaloanzia kazi Jumamosi, watakulipa kiasi gani. Ukainua mabega, ukasema, "Watanipa tu kitu, Koko." Tangu hapo Jumapili ile imekuwa ikinirudia, hata usingizini.

Mama Sifa alikuwa amepanga nyumba Weston, huku ughaibuni tulikohamia, karibu na mto Humber, yenye uwanja mbele na uwanja nyuma, na mti mmoja ambao mpaka leo sijui jina lake. Mwezi wa kumi mti ule ulikuwa unawaka bila moshi. Majani yalishuka polepole, kama hayana haraka ya kufika, na kila treni ilipopita kwenda mjini yalishuka mengine. Mimi niliketi barazani na blanketi magotini, chai mkononi, nikaona kama niko mahali pageni na tena kama niliwahi kukaa pale zamani sana, yote kwa pamoja.

Asubuhi kanisani Mama Sifa alikuwa amelalamikia mgongo, akamwambia Riziki aje amkusanyie majani ya mbele, hatatoka mikono mitupu. Basi mtoto akilini mwake akasikia pesa za glovu. Kulikuwa na glovu za zambarau, zenye manyoya ndani, alizoziona dukani, na mama yako alikuwa amezikataa kwa kuwa za mwaka uliopita bado zilimtosha. Riziki akashika reki iliyomzidi urefu. Mama yako alijilaza kwenye lundo la majani, akakuweka tumboni, ukapiga chafya, tukacheka mpaka Mama Sifa akashika mgongo wake. Riziki peke yake hakucheka. Alituondoa, akakusanya upya, akajaza ile mifuko mirefu ya karatasi mpaka nyasi zikaonekana.

Jua lilipolegea, Mama Sifa akatoka jikoni na mfuko wa viazi vitamu, na sufuria ya sombe, kisamvu chetu, na samaki, iliyofungwa kwa kitambaa. Kwetu hicho ni kitu cha heshima, mwanangu, ukikipokea unashukuru kwa magoti. Akamwekea Riziki mikononi. Kweli, hakutoka mikono mitupu. Mtoto akavitazama viazi, akavitazama viganja vyake vilivyochubuka, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Sifa, dukani hawachukui viazi."

Mama yako akamkata jicho. Alitaka kumvuta aombe msamaha papo hapo, maana mtu aliyekupokea ulipozaliwa hupaswi kumdai malipo. Nami hapo nikajiona msichana kule Fizi, nimevuna mpunga wa watu msimu mzima, nimepewa asante, nimeinamisha kichwa. Niliinamisha miaka mingi. Nikamwambia mama yako, "Mwache amalize."

Mama Sifa hakukasirika, wala hakucheka. Aliketi ngazini taratibu, kwa ajili ya mgongo, mpaka macho yao yakalingana.

"Ulitaka ngapi?"

"Sijui," Riziki akasema.

"Na mimi sikujua kama unataka. Tazama sasa, tunakosana bure."

Kisha yule mama, aliyeuza samaki Uvira nusu ya maisha yake, akaonyesha kidole nyuma ya nyumba. Majani ya huko bado yapo, akasema, utaje bei kabla hujagusa reki.

"Dola kumi."

"Nane, na viazi."

"Kumi bila viazi."

"Utaniua, mtoto wewe. Kumi, na mifuko uibebe mpaka barabarani."

Wakapeana mikono. Viazi tulivila jioni ile, na Riziki alikula kutushinda wote, maana sasa vilikuwa zawadi. Jumamosi akarudi, akafanya kazi ya nyuma, akalipwa kabla hajavua viatu. Glovu akanunua.

Miaka ilipita, na Mama Sifa alipoacha kabisa kuinama, Riziki alikuwa akienda kila majani yakianguka. Alikuwa anasimama mlangoni, reki bado iko ukutani, anasema, "Mama, mwaka huu ni zawadi." Ndipo anaanza.

Hilo ndilo nataka ulichukue, mwanangu. Kabla ya Jumamosi nenda kwa yule rafiki wa baba yako, msalimie vizuri, umuulize atakulipa ngapi. Si utovu wa adabu. Na siku utakayotaka kumsaidia mtu bure, mwambie mwanzoni kwamba ni bure, kisha usikumbushe tena. Mungu aipe mikono yako kazi, na akukutanishe na watu watakaokubali kuketi ngazini wakusikilize.

Na kama glovu zilikuwa za buluu, si za zambarau nilivyosema, muulize Riziki, mje mnisahihishe.