Bunda la Waya za Kaberia

"Mama Mutugi, kwani hujasikia?" Nelius alisema, akimwaga maji ya kuoshea sukuma nje ya mlango wake. "Leo saa kumi Maxine anakuja kumchukua babake, Kaberia, akakae naye kule mtaa wa Dallas, Embu. Fundi gani wa kompyuta huyo, anapapasa meza kama kuku kipofu!"

Gatakaa alimkaza mwanawe Mutugi mgongoni, akavuka barabara ya Nkubu mpaka kibanda cha Kaberia. Enzi zile akiwa darasa la saba, kila akitoka shule alipitia hapo kumshikia mzee tochi, na kibanda kilinukia risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na chai ya tangawizi. Siku hizo Kaberia alichomeka waya huku akimtazama yeye na kumtania.

Leo alikuwa ameinama, pua karibu iguse kasha la kompyuta aliyokuwa akiiunda.

"Ni wewe, Gatakaa? Hii ni ya mwalimu Njagi. Ikiwaka, nitamwambia Maxine bado mimi ni fundi. Sasa imekataa."

Waya zote zilikuwa zimefungwa bunda safi kwa nyuzi za mgomba. Kaberia alikulia mji wa Maua akifunga mabunda ya miraa, na mkono wake haukujua kuacha kitu kikining'inia: alifunga kwanza, kuwasha baadaye. Kebo nene ya umeme ilikuwa imekaa barabara, ya diski pia. Gatakaa akafuata zile waya nyembamba za swichi na taa, zenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. Akaona.

"Baba Maxine, ya swichi umeiweka kwa taa. Ya taa ndiyo iko kwa swichi."

"Mimi? Wacha mchezo!" Akazipapasa herufi zile kwa kidole. "Haya, nisomee."

Akamsomea, herufi moja moja. Kaberia akakata uzi, akachomoa, na vidole vyake vikawa vilevile vya zamani, vyepesi, visivyobahatisha. Akabonyeza. Feni ikavuma, Mutugi akashtuka, kisha akacheka.

Mzee hakucheka. Alijifuta macho kwa kiganja.

"Mwanangu, Maxine akifika usimfiche. Mwambie mikono iko, macho ndiyo yameenda. Halafu umwombe aniache hapa hapa Nkubu, na wewe uwe ukija kunisomea."