Pikipiki Iliyoyumba kwa Sababu Yangu

Harufu ya petroli iliyochanganyika na ya maziwa ndiyo Jumapili yangu ya utotoni. Baba, aliyerudi Rwanda kutoka Tanzania na Kiswahili chake na pikipiki kuukuu ya Kiingereza, alinipakia nyuma kila baada ya ibada, tukapanda kutoka Gisenyi hadi Mudende kwa Bibi. Wakati wa kurudi nilikumbatia dumu la maziwa kwa mkono mmoja na Baba kwa mwingine. Nilikuwa na miaka tisa, na sikujua mahali pazuri kuliko nyuma ya koti lake.

Msimu mmoja wa mvua pikipiki ikaanza kuyumba. Kwenye kona za mteremko, nyuma ilicheza kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Baba aliitafuta kasoro bila haraka. Alijaza upepo, akakaza usukani, akavuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, mimi nikishika ncha moja. Magurudumu yalikuwa yamenyooka. Akaipeleka mtaa wa Nengo kwa fundi Kizito, peke yake. Jumapili iliyofuata aliipanda bila mimi, nayo ikatulia. Jioni akaniita mbele ya Mama. "Ni wewe, mwanangu," akasema. "Hutulii huko nyuma. Utabaki nyumbani."

Nilimwamini. Nilijifunza kutulia: nilikalia ukuta wa uani, magoti yamebana, nikihesabu hadi mia mbili bila kutikisika. Kila Jumapili nilimwomba anijaribu tena, na kila Jumapili alikataa. Bibi akaugua, akawa ananiulizia. Nikaambiwa nitapelekwa barabara ikikauka. Alifariki kabla ya mvua kuisha.

Wiki chache baada ya msiba nilitumwa kwa Kizito kuchukua spana. Nikamwomba radhi kwa kuiharibu pikipiki. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Nani alikuambia ni we? Bushi ilikufa, za ile mukono inashika gurudumu ya nyuma. Ukiongeza mutu, inayumba. Nilimuambiaka baba yako siku ile ile."

Alisema angeweza kuchongesha bushi mpya Goma, zile pete za chuma zinazoukaza mkono huo usicheze, lakini Baba alikasirika kusikia kwamba mashine yake ya Kiingereza imechoka, akaondoka. Sikulia. Nilijiona mjinga kwa zile hesabu zangu za ukutani, kisha nikamchukia, na chuki hiyo sikumweleza mtu.

Leo nina gari langu. Naweza kwenda Mudende siku yoyote, na hakuna wa kuniulizia. Baba amezeeka, na wageni wakija bado huwachekesha kwa habari za binti aliyeyumbisha pikipiki kwa kutotulia. Miaka yote nilitabasamu. Mwezi uliopita nilichoka, nikamwambia mbele yao, "Baba, zilikuwa bushi."

Akanitazama, akakoroga chai yake.

"Najua," akasema, na akaendelea na hadithi pale alipoishia.