Maua ya Fundi wa Nguo

Mwaka ule waasi walipoingia Beni, watu wa mtaa wa Bungulu walificha mbuzi na baiskeli. Fundi wa nguo alificha maua. Alikuwa amesikia kwamba mafundi wanachukuliwa porini kushona nguo za vita, basi akaingiza mikebe yake saba ya maua chumbani, akafunga madirisha, ili nyumba ionekane haina mtu. Jirani yake Katungu alipompelekea ndizi kwa mlango wa nyuma, kila mara alimkuta gizani akipangusa jani moja moja kwa kipande cha kitambaa, kwa vidole vyake vyembamba vilivyozoea uzi, akiyanong'oneza kama mtu anayemuuguza mtoto. Majani yalikuwa yamegeuka manjano. Yalianguka polepole, naye akayaokota na kuyapanga juu ya cherehani.

"Mama Katungu, ninayapa mayi asubuyi na mangaribi," alisema. "Lakini majani inaanguka tu."

Katungu akachomeka kidole kwenye udongo, ulikuwa tope. "Mayi iko mingi, Papa, na jua hakuna. Mbuzi yangu ikikosa jua inalia. Maua yako inanyamaza tu."

"Nikifungua dirisha, waasi batajua niko."

"Basi, chagua."

Fundi akacheka kidogo puani, kama kawaida yake. Akasimama kitambo, kichwa upande, kama anayepima kitambaa kwa macho. Kisha akasukuma dirisha la barabarani, mwanga ukaingia kama maziwa, akauweka mkebe wa kwanza pale ambapo kila mpita njia angeuona, akarudi kuchukua wa pili.