Desemba Zetu kwa Shangazi

Tulimzika shangazi Jumamosi. Jumapili asubuhi, kabla wanawake wa jikoni hawajabandika uji wa waombolezaji, nilivaa kandambili za mtu nikatoka nyuma ya boma kwenda kuangalia mashamba. Sikuwa na ninachokitafuta. Mvua ilikuwa imenyesha, na harufu ya udongo uliochanganyika na samadi ilinipanda puani, nikajikuta nimesimama katikati ya njia, mtu mzima mwenye watoto, natabasamu siku moja baada ya maziko. Unaijua harufu hiyo? Kwangu mimi ndiyo harufu ya likizo.

Sisi tulikuwa watoto wa Shinyanga mjini. Baba alikuwa fundi wa magari, mama muuguzi, na mwaka mzima maisha yetu yalikuwa shule, nyumbani, kanisani, shule. Lakini shule zikifungwa Desemba, baba alitupakia mimi na mdogo wangu kwenye basi la Geita, akatufikisha Rwamgasa, na kutoka pale tukatembea kwa miguu, mabegi kichwani, mpaka kwa dada yake. Mama alikuwa akibaki kazini, anatufuata wiki ya Krismasi.

Shangazi alitupokea akiwa shambani, miguu ina tope mpaka magotini.

“Shikamoo shangazi!”

“Marahaba, watu wa mjini. Mbona mmekonda hivi? Huko mnakula karatasi?”

Alikuwa mjane, mrefu, mwenye mabega mapana mpaka majirani walimtania baba kwamba dada mtu ndiye aliyestahili kushika spana. Alilima kwa plau mwenyewe. Kazi ile kijijini ilikuwa ya wanaume, lakini mumewe alipofariki hakumsubiri mtu. Alikuwa na maksai wawili wa kulimia, mmoja mweusi aliyeitwa Karani kwa sababu alikuwa mvivu asubuhi, na mwingine wa rangi ya kahawia aliyeitwa Safari. Binti yake, aliyenizidi miaka michache, ndiye aliyetangulia mbele kuwaongoza. Ninyi mnawaona wacheza mpira kwenye televisheni mnashangilia, mimi shujaa wangu alikuwa yule dada. Alitembea kinyumenyume mbele ya pembe za ng'ombe wale, anawasemesha kwa Kisukuma polepole, na wao wanamfuata kama watoto wanaopelekwa kuoga.

Hapo ndipo tulipokula vizuri. Ugali mweusi wa udaga, muhogo uliovundikwa, unaonata vidoleni, nsansa, yale majani makavu ya kunde, zilizopikwa kwa karanga, maziwa mgando kwenye kibuyu, na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, ya kutafuna njiani mpaka taya zinachoka. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua tulikimbia na mabeseni, nusu tunaokota, nusu tunakula wabichi, mabawa yamegandia midomoni. Kazi zilikuwa nyingi na hakuna aliyeziita kazi. Kuchota maji, kuchunga ndama, kupalilia. Shangazi alikuwa na neno moja akituona tumejikunyata ndani: “Nyumba haitoroki. Tokeni.” Tulitoka. Kilima chote nyuma ya boma kilikuwa chetu, na tulirudi jua linapozama, miguu imechanwa na miiba, matumbo yamejaa mabungo.

Kilima hicho kilikuwa na mashimo. Miaka ya nyuma ilisikika kuna dhahabu, watu wakaja kwa wingi, wakachimba mashimo marefu waliyoyaita maduara, hawakupata kitu cha maana, wakahamia kwenye rashi nyingine, kulikosikika dhahabu mpya. Mashimo yakabaki. Shangazi alituonyesha yote aliyoyajua, akatuwekea na vijiti vyenye vitambaa. Lile lililonimeza mimi hakuna aliyelijua. Nyasi zilikuwa zimelifunika kama mkeka.

Ilikuwa mchana. Shangazi na dada walikuwa wamemaliza kulima kipande cha chini ya kilima, wamewafungua maksai kwenye plau wapumzike, nira bado shingoni. Mimi nilikuwa nikiokota uyoga, nauona mmoja, mbele yake mwingine mkubwa zaidi. Nikapiga hatua. Ardhi haikuwepo.

Kilichoniokoa ni tope la chini. Nilitua kwa makalio na mguu mmoja, ukanigeuka vibaya, na maji ya baridi yakanifika kiunoni. Nilipotazama juu niliona duara la mwanga, dogo kama sinia la chai. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na mdogo wangu aliyekuwa karibu akateremka kilima akikimbia huku akilia.

Halafu kichwa cha shangazi kikatokea kwenye ule mwanga.

“Mayu, uko mzima?” Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyoniita.

“Mguu, shangazi!”

“Vidole vya mguu unavisikia?”

“Navisikia.”

“Basi mguu upo. Sasa sikiliza. Usilie, kilio kinamaliza nguvu. Nitajie ng'ombe wangu wote kwa majina, kwa sauti, nikusikie. Ukiwamaliza, anza upya.”

Nikaanza. Karani, Safari, Doa, Mama Ndama, Kipofu, Bibi Harusi. Huko juu niliwasikia wanahangaika. Nasikia mnyororo wa plau unaburutwa, gogo linaviringishwa, shangazi anatoa amri fupifupi. Baadaye nilielezwa walichofanya. Kukimbilia kijijini kutafuta wanaume kungechukua muda, na upande wa ziwa mbingu ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Mvua ikishuka, kilima kizima kingemwaga maji yake kwenye shimo lile. Kwa hiyo shangazi aliunga kamba za ng'ombe zote zilizokuwepo, akaziunga na mnyororo, akalaza gogo la mninga mdomoni mwa shimo ili kamba ipite juu yake, mwisho mmoja akaufunga kwenye nira ya maksai. Mwisho mwingine alijifunga yeye.

Nilimwona anashuka. Kwanza nyayo zake, pana, zenye nyufa, kisha kanga aliyoifunga kati ya miguu kama suruali. Juu dada alikuwa anawasogeza maksai polepole kuelekea shimoni, na kila hatua yao ilimshusha shangazi kidogo. Udongo ulikuwa ukimdondokea kichwani. Alikuwa amefumba macho. Nilifikiri ni kwa sababu ya vumbi.

Alipofika majini alinishika usoni kwa mikono miwili. “Umefika kwa ng'ombe gani, kwa Bibi Harusi?” akauliza. Nikacheka, hebu fikiria, nikacheka mle ndani. Akanifunga mgongoni kwa kanga yake ya pili, kama anavyobebwa mtoto mchanga, akakaza fundo mpaka nikashindwa kupumua vizuri, kisha akaita: “Waondoe! Taratibu!”

Tukaanza kupanda. Alikuwa anatembeza miguu ukutani, anahema, mimi nimemng'ang'ania shingoni. Tulikuwa tumeshavuka nusu radi ilipopiga. Si radi ya mbali. Ilipiga kama mtu amepasua bati juu ya vichwa vyetu. Kamba ikaruka, tukabamizwa ukutani, mawe yakaporomoka, tukaning'inia tunazunguka. Ng'ombe akishtuka kwa radi hukimbia, kila mtoto wa kule anajua hilo. Wangekimbia mbele wangetuburuta kwenye kingo za mawe. Wangegeuka nyuma tungerudi chini.

Hawakukimbia. Mdogo wangu aliyekuwa amejibanza pembeni ndiye aliyeona. Anasema dada aliwarukia mbele, akaweka paji la uso wake kwenye paji la Safari, mkono mmoja ameshika pembe ya Karani, akawa anawaongelesha kwa sauti ileile ya shambani, wala hakuipandisha, huku mvua inamwagika na machozi yanamtoka. Alisimama nao hivyo mpaka wakatulia. Kisha akapiga hatua moja nyuma. Nao wakapiga hatua moja mbele.

Ndivyo tulivyotoka. Shangazi aliburuzika tumbo juu ya gogo, akalala kifudifudi kwenye matope, mimi bado mgongoni, mvua inatupiga.  Kisha akainua kichwa akamwambia binti yake, “Umewafundisha vizuri,” na nadhani hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kumsikia akiitoa.

Zahanati walisema mguu umeteguka tu. Kesho yake shangazi alipanda kilimani na majirani wakalifukia shimo lile, na mimi nikabebwa nikaangalie, nimekalishwa juu ya mkokoteni kama mgeni rasmi.

Mama alipofika wiki ya Krismasi, sote tuliogopa. Shangazi hakumpa nafasi ya kukaa. Alimsimulia yote palepale uani, bila kupunguza. Mama aliutazama mguu wangu, akatazama mikono ya shangazi iliyochubuliwa na kamba.

“Wifi, ulishuka mwenyewe?”

“Ningemtuma nani, wifi?”

Mama alipiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la safari. “Wabeja,” alisema, yaani asante, na Kisukuma chake kilikuwa cha kubabaisha kwa maana yeye ni Mpare. “Wabeja sana, wifi.” Mwaka uliofuata tulipelekwa tena, na uliofuata, mpaka tukawa wakubwa tukaona tuna mambo ya maana zaidi.

Sasa kile kilima kimepimwa viwanja, vigingi vya zege vimesimama kila mahali. Shamba la chini linalimwa kwa trekta la kukodi. Zizi lina mbuzi watatu. Watoto wangu mwenyewe likizo yao ni masomo ya ziada asubuhi na simu mchana, na mimi ninayesema haya ndiye ninayewalipia yote mawili, kwa sababu hata ningetaka kuwatuma mahali, sijui tena pa kuwatuma.

Niliporudi bomani dada alikuwa ameamka, ameketi kwenye ngazi ya mlango na kikombe cha uji. Siku hizi anauza chakula Bugarama, nywele zimeanza mvi. Nikamwambia nimetoka kilimani, na kwamba katika maisha yangu sijaona mtu asiyeogopa kitu kama mama yake.

Akanitazama kwa mshangao.

“Asiyeogopa? Mama?” Akaweka kikombe chini. “Mama alikuwa hawezi hata kuchungulia kisima. Toka utotoni mwake. Unafikiri kwa nini maji tulichota mimi na ninyi tu? Siku ile alipojifunga kamba alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, akaniambia, nikizimia huko chini usiache kuvuta.”

Nikakaa pembeni yake kwenye ngazi. Alinisogezea ule uji, tukaunywa kwa zamu.